Dhamana ya Mtu Asiye na Dhamana

(Hotuba ya Kamati ya Chama Kikuu kwa wanachama wa Handeni na Korogwe, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Tumeombwa kusema juu ya mkopo. Neno hili halipendezi sana siku ya furaha, nasi twajua ya kuwa harufu ya pilau imekwisha kutufikia sote. Lakini haifai kujisifu kwa magunia yaliyopita katika mizani yetu miaka hii kumi bila kuuliza mkulima aliyalima kwa fedha ya nani.

Tuanze na mwezi wa Machi. Masika yakaribia, ghala ni tupu, mbegu hazijanunuliwa. Mwenye nyumba aenda kwa jirani mwenye uwezo, apewa gunia moja la mahindi kwa ahadi ya kurudisha mawili mwezi wa Agosti. Hapana karatasi, hapana nauli, wala hapana aulizaye hati. Jambo hili laonekana kuwa ni huruma, na pengine ni huruma kweli. Lakini na tulipigie hesabu. Tuseme gunia la Machi ni shilingi 90,000, na la Agosti, wakati mahindi ni mengi, ni shilingi 60,000. Mtu huyu amekopa 90,000, naye amelipa 120,000 baada ya miezi mitano. Kwa kipimo cha mwaka mzima, riba hiyo ni asilimia 80. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza fungu la shilingi trilioni moja la kukopesha mabenki kwa asilimia 3, kwa sharti kwamba nayo yawakopeshe wakulima kwa riba isiyozidi asilimia 10. Aliye maskini kuliko wote ndiye alipaye riba kubwa kuliko wote.

Basi kwa nini asiende benki? Wako wasemao kwamba benki haimpendi mkulima. Sisi hatusemi hivyo. Benki yatunza fedha za watu wengine, nayo hutaka dhamana. Taabu ni kwamba dhamana itakwayo si ile aliyo nayo mtu wa Kwamsisi au Magoma.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Katika njaa za karne ya 19, huku Uziguani, watu waliwekwa rehani ili jamaa zao wapate chakula. Serikali ya kikoloni nayo iliweka sheria ya kuzuia Mwafrika asikopeshwe bila idhini ya Serikali; ilisemwa kuwa ni kumlinda, lakini mtu aliyelindwa hivyo hakuweza kuwa mfanyabiashara. Baada ya hapo tuliambiwa kwamba hati ya ardhi ndiyo ufunguo, na wilaya ya Handeni ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza pa majaribio ya MKURABITA. Hati ya kimila ni kitu chema, kwani yazuia ugomvi wa mipaka. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu shamba la kijiji kupewa mtu wa nje bila idhini ya halmashauri ya kijiji, na meneja wa benki ayajua hayo vizuri. Simu nazo, tangu fedha zianze kutumwa kwa simu nchini mwaka 2008, zimefupisha sana njia ya kutuma fedha. Njia ya kupata mkopo wa msimu mzima haikufupishwa kwa kiasi hicho.

Dhamana aliyo nayo mkulima ni moja: mavuno yake, na sifa yake ya kuyaleta. Zamani vyama vyetu viliijua siri hii. Chama kilitoa mbegu, kikapokea mazao, kikakata deni lake kwanza, kisha kikamlipa mwanachama. Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, mkono ule uliokata deni ulivunjika pamoja navyo. Benki ya Maendeleo Vijijini, iliyoundwa mwaka 1971, iliendelea kuvikopesha vijiji, na mikopo mingi haikurudi. Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini imani hairudishwi kwa sheria.

Sasa mlango umefunguliwa upya. Mwezi wa Aprili 2025, huko Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Benki ya Ushirika Tanzania. Twashangilia, naam. Lakini benki hiyo nayo itauliza: mwanachama huyu aliuza kilo ngapi mwaka juzi, mwaka jana, na mwaka huu? Jibu halimo mfukoni mwake. Limo katika daftari letu.

Na hapa hatuna budi kuungama. Mwaka mmoja katika hii kumi tulichelewa kuwalipa wanachama. Mama mmoja mjane alikuja afisini mara tatu na stakabadhi yake mkononi. Mara ya tatu karani hakuliona jina lake daftarini, kwa kuwa lilikuwa limeandikwa chini ya jina la shemeji yake. Alilipwa mwishowe. Mwaka uliofuata aliwauzia walanguzi mahindi yake, na baadhi yetu tulimwita msaliti. Twasema leo mbele yenu kwamba hakuwa msaliti. Sisi ndio tuliopoteza dhamana yake.

Kwa hiyo Kamati imeamua hivi. Kila mwanachama, mume au mke, ataandikwa kwa jina lake mwenyewe katika ukurasa wake mwenyewe. Kabla ya masika, daftari litasomwa kwa sauti katika kila chama cha msingi, kilo kwa kilo. Twawaomba mje na stakabadhi zenu zote, hata zilizoliwa na panya, na yeyote atakayeona kasoro asimame pale pale aseme, hata ikiwa kasoro hiyo ni ya mwenyekiti. Kazi itaanza Mkata, kisha Kwamsisi. Upande wa Korogwe itaanza Magoma.