Sifuri yenye alama ya kutoa: maneno kwa vijana wa Bura wanaojifunza kuandika programu



Leo nazungumzia sifuri. Chukueni fomu ya simu inayomuuliza mkulima wa hapa Bura ana mbuzi wangapi. Asiye na mbuzi huandika 0. Mwingine, kwa mazoea ya fomu za karatasi, huweka kwanza kistari cha kusema "hakuna", kisha 0. Kompyuta inasoma -0.

Shuleni tulifunzwa kwamba -0 ni 0 tu, na ni kweli. Lakini kompyuta nyingi hufuata kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, ambayo huhifadhi alama ya nambari za desimali kando na thamani yake. Hivyo sifuri huwa mbili. Katika Python, int("-0") hutoa 0, lakini float("-0") hutoa -0.0. Katika JavaScript, Number("-0") hubaki -0. Ukiuliza kama iko chini ya sifuri, jibu ni la, nayo inapita. Baadaye ripoti inaweza kuonyesha "-0", na mkulima aonekane amejaza vibaya.

Wengine huziba mwanya huo kwa kukataa chochote kisicho tarakimu tupu. Mkulima anaambiwa "kosa" bila maelezo, anaiacha fomu, na hahesabiwi. Hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi.

Kwa hivyo, vijana, fanyeni hivi:

Kwanza, ipokeeni -0, kisha muihifadhi kama 0. Katika JavaScript, kuijumlisha na 0 kunaondoa alama.

Pili, kataeni -3, na mweleze sababu kwa Kiswahili rahisi.

Tatu, kisanduku kitupu kisigeuzwe sifuri. Number("") hutoa 0, ilhali asiyejibu si sawa na asiye na mbuzi.

Nne, msigeuze kila tarakimu kuwa hesabu. Kodi ya kaunti yetu ni 006. Ikihifadhiwa kama nambari, inabaki 6.

Nanyi wakazi, someni majibu yenu kabla ya kubonyeza "tuma". Fomu ikiwakataa, ulizeni kwa nini. Mwandishi wa programu hawezi kurekebisha asichoambiwa.