Pikapu Inakunywa Dizeli? Pima Kwanza
 Huku Lukuledi, Masasi na Newala, msimu wa korosho pikapu kuukuu hazipumziki, na wenyewe wanalalamika: dizeli haikai.

Kabla ya kufungua pampu ya dizeli, pima. Jaza tangi pomoni, andika kilomita, tembea kama kawaida, kisha jaza tena pomoni. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Kilomita 300 kwa lita 30, lita moja imekupa 10. Usilinganishe safari ya kupanda Newala ukiwa na mzigo na ile ya njia ya Nachingwea. Mlima lazima ule zaidi.

Sasa tazama moshi. Mweusi: hewa haitoshi au nozeli zinamwaga. Anza na chujio la hewa. Vumbi la kiangazi huliziba upesi. Wa bluu: injini inaunguza oili. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto: fundi akague nozeli, taimingi na gasketi.

Jaza matairi upepo unaotakiwa. Kisha, baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Moja ikizidi nyingine kwa joto, huenda breki inabana.

Pampu iwe ya mwisho. Kuitengeneza ni ghali, chujio si ghali.