Mmoja kati ya wabunge 123

(Maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.)

Leo sitamsema mtu. Nataka niwasimulie habari za mzee mmoja wa Somalia, Abdirizak Haji Hussein.

Huyu alikuwa mtu wa chama hasa. Chama chenyewe, SYL, kilianza mwaka 1943 kama klabu ya vijana, kwa hiyo mtu asituambie vijana kazi yetu ni kupanga viti. Abdirizak alikiongoza katikati ya miaka ya 1950. Baada ya uhuru akawa waziri, na mwaka 1964 Rais Aden Abdulle Osman akamteua kuwa waziri mkuu. Akajipatia maadui, maana aliwaondoa kazini watumishi wa serikali waliokuwa hawafai. Mwaka 1967 Rais Aden akashindwa kura bungeni, akakabidhi ofisi kwa amani. Abdirizak naye akatoka.

Sasa sikilizeni hapa. Uchaguzi wa Machi 1969 ulikuwa wa viti 123. SYL ikapata 73. Waliobaki si haba, au siyo? Lakini wabunge wa vyama vingine wakaanza kuhamia SYL, wanafuata vyeo na mgao. Mwishoni upande wa upinzani akabaki mtu mmoja tu: waziri mkuu wa zamani, Abdirizak.

Tarehe 15 Oktoba Rais Shermarke akauawa. Tarehe 21 jeshi likachukua nchi. Katiba ikasimamishwa, bunge likafungwa, vyama vikapigwa marufuku. Na wananchi wengi hawakulililia bunge lile. Walishangilia! Sisemi upinzani ungezuia mapinduzi. Nasema bunge la watu wa upande mmoja lilikosa wa kulitetea.

Abdirizak akawekwa kizuizini mpaka 1973. Halafu, jamani, mwaka uliofuata akakubali kuwa balozi wa serikali ileile Umoja wa Mataifa. Nilipofika hapo nilikwazika. Baadaye aliachana nayo, akaishi uhamishoni Marekani, akafariki 2014. Simfanyi malaika. Lakini mwaka 1969, kuhama kulipokuwa na faida, hakuhama.

Mtasema kwetu ibara ya 71 inamvua ubunge anayehama chama. Kweli, nimeisoma. Lakini si tumeona watu wakijiuzulu, wakahama, wakagombea kiti kilekile kwa chama kingine? Sheria inalinda kiti. Msimamo wa mtu hailindi.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Kabla hatujapitisha mgombea yeyote, tumuulize mbele ya wote: wenzako wote wakihama, wewe utafanya nini? Na mimi niulizeni. Nimeshaanza kuambiwa, "Dada, ukimaliza chuo njoo huku, kuna ajira." Nimekataa. Nawaambia leo ili siku nikiyumba, mnikumbushe.