Selo haitibu: tuijue bangi kabla ya kubishana juu yake

(Maneno niliyotoa kwenye kikao cha vijana, Tabora Mjini)



Leo siongelei uchaguzi. Naongelea kitu ambacho kila mmoja hapa anakijua, ila hakisemi mbele ya mzee wake: bangi.

Tusidanganyane kwamba imeletwa juzi na wanamuziki. Jina lenyewe asili yake India, na kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilijulikana zamani. Mwingereza Burton, aliyefika Kazeh, yaani hapa hapa kwetu, Novemba 1857, aliandika habari zake.

Sasa inafanyaje kazi mwilini? Mwaka 1964, Mechoulam na Gaoni, wanasayansi wa Israel, waliitenga THC, kemikali inayolewesha. Swali likabaki: kwa nini ubongo wa binadamu uitikie jani? Jibu likaja baadaye. Tuna vipokezi, kama matundu ya kufuli, vingi viko kwenye ubongo. Mwaka 1992 ikagundulika kwamba mwili unatengeneza ufunguo wake wenyewe, ukaitwa anandamaidi. Huo hutolewa kidogo, pale unapohitajika, kisha unavunjwa haraka. THC inaingia kwenye kufuli hilo hilo, ila sehemu nyingi kwa mpigo, na inakaa. Ndiyo maana kumbukumbu inakatika, njaa inauma, moyo unaenda mbio. Na kwa kuwa inajificha kwenye mafuta ya mwili, mvutaji wa kila siku anaweza kukutwa nayo wiki kadhaa baada ya kuacha.

Shida yetu vijana ni hii: ubongo unaendelea kujengwa mpaka miaka ishirini na kitu. Anayeanza mapema na kuvuta kila siku anajiongezea hatari ya kuugua akili, hasa kama ugonjwa huo upo kwenye ukoo. Si kila mvutaji. Lakini mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Alianza kusikia sauti akiwa na miaka 17. Akakamatwa, akachapwa, akaitwa mhuni. Ilipita miezi minane ndipo akaonwa na daktari. Dawa zikamtuliza. Leo anafuga nyuki na mjomba wetu.

Miezi minane, makamanda! Hiyo ndiyo siasa yenyewe.

Sisemi bangi ihalalishwe. Najua pia kwamba kemikali nyingine ya mmea huo, CBD, hailewi, na mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kifafa iliyotokana nayo. Mambo haya yanataka elimu, hayataki kelele. Kwa hiyo tudai mawili: sayansi hii ifundishwe shuleni bila vitisho, na kila wilaya iwe na mtaalamu wa afya ya akili.

Na wewe mwenye ndugu anayesikia sauti, usisubiri kama sisi. Mpeleke hospitali wiki hii.