Kizuizi Kitangulie Tingatinga



Masika yanakaribia. Katika kaunti yetu ya Nakuru wakulima wanatayarisha mashamba, na wenye ploti nao wanakimbizana na mafundi ili msingi usimame kabla mvua haijaanza. Pita Kiamunyi, Ngata, Lanet au Bahati wiki hii, utakuta hali ni ile ile: nyasi zimekwanguliwa, miti imeng'olewa, mashimo yamechimbwa, na udongo umerundikwa kando ya barabara bila kitu chochote cha kuuzuia. Wengi wakipita hapo husema maendeleo yamefika. Mimi naomba leo tuuangalie huo udongo uliorundikwa, kwa sababu mvua mbili tatu zikipiga hautakuwa pale tena.

Nina neno moja tu leo, nalo ni hili: hapa Nakuru tingatinga lisiguse ardhi kabla kizuizi cha kushika udongo hakijawekwa upande wa chini wa ploti. Kizuizi kwanza, kuchimba baadaye. Siku hizi tunaanzia mwisho. Tunachimba, tunajenga, tunahamia, halafu ndipo tunaanza kulalamika kwamba mtaro umeziba na barabara imejaa tope.

Tupige hesabu pamoja. Ploti ya futi 50 kwa 100, ile tunayoijua sote, ikinyeshewa mvua ya milimita 20, ambayo si ajabu kwa jioni moja ya Aprili, inapokea zaidi ya lita 9,000 za maji. Penye nyasi, majani huvunja nguvu ya matone, mizizi hushikilia udongo, na maji mengi huzama. Penye udongo mtupu, kila tone hupiga na kutawanya chembe. Zile chembe ndogo huziba vitundu vya juu ya ardhi, na maji yakikosa pa kuzama huanza kutembea. Yakipata mteremko hushika kasi, na kasi ndiyo inayoyapa nguvu ya kubeba. Kijifereji ambacho mtoto anakiruka leo kinaweza kuwa korongo la kufika gotini kabla msimu haujaisha.

Shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira limeeleza kwamba tope linalotoka katika maeneo ya ujenzi kwa kawaida huwa mara 10 hadi 20 ya lile linalotoka mashambani, na mara 1,000 hadi 2,000 ya lile linalotoka msituni. Tuyapime maneno hayo. Kwa miaka mingi kidole chetu kimeelekezwa msitu wa Mau, kwa wakataji miti na wakulima wa miteremkoni, na ni kweli kule kuna makosa. Lakini huku chini, ndani ya jiji letu, tunafungua ardhi kila siku, ploti kwa ploti, na hakuna anayeulizwa udongo wake unaenda wapi.

Na udongo wetu si wa kufanyiwa mchezo. Tunakaa juu ya majivu ya volkeno. Chini ya nyumba zetu kuna tabaka za majivu na mawe mepesi yenye vitundu, yaliyotapikwa na Menengai na milima mingine ya Bonde la Ufa zamani sana. Udongo wa namna hii una rutuba, na ni laini kuchimba, lakini maji yakipata njia ndani yake hauna ubishi. Mnakumbuka Machi 2018, karibu na Suswa, jinsi barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilivyokatika na korongo refu likafunguka baada ya mvua kubwa. Zilienea habari duniani kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Wanajiolojia wengi walitoa maelezo yaliyo karibu zaidi nasi: maji ya mvua yaliukokota udongo laini wa volkeno uliokuwa umejaa katika ufa wa zamani. Hapa mjini pia kuna nyufa za aina hiyo, na ardhi imewahi kutitia katika mitaa kadhaa. Anayeelekeza maji ya ploti yake popote yatakapo anacheza na ardhi anayolalia jirani.

Sasa tujiulize, udongo ukishaondoka unaishia wapi? Maji ya miteremko ya Menengai hushuka kupitia mjini, yakaingia katika mitaro na kalvati, hadi Ziwa Nakuru. Mto Njoro unaishia humo. Makalia inaishia humo. Nderit inaishia humo. Na ziwa hili halina mto unaotoka. Ni bakuli lisilo na tundu. Maji hupungua kwa jua, lakini tope likishaingia limeingia. Ziwa hilo ni hifadhi ya taifa tangu miaka ya 1960, ndilo eneo la kwanza la Kenya kuandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, mwaka 1990, na tangu 2011 ni sehemu ya Urithi wa Dunia pamoja na Bogoria na Elementaita.

Tangu 2010 tumeshuhudia ziwa likipanda, kutoka takriban kilomita za mraba 40 hadi zaidi ya 60. Lango kuu la hifadhi lilizama, na familia za Mwariki zikapoteza nyumba. Sababu kubwa ni mvua iliyoongezeka, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani ujenzi pekee ndio uliolijaza ziwa. Lakini ploti isiyo na nyasi hutoa maji mengi zaidi, kwa haraka zaidi, na hayo maji huja na tope. Kwa bakuli ambalo tayari limejaa, mzigo huo si mdogo.

Tena tope linaweza kudhuru hata kabla ya kufika ziwani. Aprili 29, 2024, usiku wa manane, maji yalishuka kutoka upande wa Kijabe yakakifagia kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Mwanzoni ilisemekana bwawa limepasuka. Baadaye wizara ya maji ikaeleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na miti, mawe na tope. Maji yakajikusanya nyuma yake hadi tuta likashindwa kuhimili. Sisemi kwamba nyumba ya fulani ndiyo iliyoleta msiba ule. Nasema tumeshaonyeshwa, kwa gharama ya roho za watu, kalvati iliyoziba inaweza kufanya nini. Na kila rundo la udongo linaloachwa kando ya barabara Kiamunyi au Bahati liko safarini kwenda kwenye kalvati fulani.

Kinachoniuma ni kwamba anayefungua udongo juu siye anayezoa tope chini. Anayezoa ni mama mwenye kibanda cha mboga kando ya mtaro. Ni mwanafunzi anayevua viatu ili afike shuleni. Ni mlipa kodi, kwa sababu kaunti ikituma watu kuzibua mitaro, pesa ni zetu.

Je, sheria haipo? Ipo. Sheria ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari zake kabla ya kuanza, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ndiyo msimamizi. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inasema hakuna kuendeleza ardhi bila ruhusa ya kaunti, na kugawanya shamba kuwa ploti ni kuendeleza ardhi. Kwa hiyo kaunti ina kalamu mkononi. Iandike sharti moja katika kila kibali: kabla ya kuchimba, mkaguzi aje aone kizuizi. Asipokiona, kazi isianze. Hilo halihitaji Bunge.

Wala kizuizi chenyewe si kitu cha bei ya kutisha. Kwa ploti ya kawaida, acha ukanda wa nyasi wa mita moja au mbili upande wa chini. Usiukwangue hata kidogo. Juu ya ukanda huo panga magunia yaliyojazwa changarawe, yakikata mteremko kwa usawa, yasiachane. Udongo mweusi wa juu uweke peke yake, mbali na mtaro, uufunike kwa turubai. Utauhitaji kwa bustani. Mwaga kokoto pale lori linapoingilia ili magurudumu yasitoke na tope hadi barabarani. Paa likikamilika, maji yake yaende tangini. Na baada ya kila mvua kubwa zoa tope lililokusanyika, maana kizuizi kilichojaa ni sawa na hakuna.

Kwa wanaokata shamba la ekari kumi au ishirini, na kwa wakandarasi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, ambayo upanuzi wake ulizinduliwa Novemba 2025, wajibu ni mkubwa zaidi. Wachimbe vidimbwi vya kutuliza tope kabla ya maji kuondoka kwenye eneo la kazi. Wafungue ardhi kipande kwa kipande, wapande nyasi kwenye kingo zilizokatwa mara zinapomalizika, wasisubiri sherehe ya ufunguzi.

Wapo watakaosema watu wamekuwa wengi na mmomonyoko hauepukiki. Machakos imewajibu. Miaka ya 1930 wilaya ile ilikuwa na watu wapatao 240,000, na maofisa wa kikoloni waliiandika kama nchi inayokufa. Kufikia 1989 watu walikuwa takriban milioni 1.4, na utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa 1994, ukaonyesha kwamba mmomonyoko ulikuwa umepungua. Miteremko ilikuwa imejaa matuta ya fanya juu, yaliyochimbwa na wakulima wenyewe na vikundi vya akina mama. Kule Murang'a, serikali ya kikoloni ililazimisha kazi kama hiyo, na mwishoni mwa miaka ya 1940 wanawake waligoma wakaandamana. Tofauti ni kwamba mkulima wa Machakos aliona faida inabaki shambani mwake. Na mwenye ploti wa Nakuru akumbuke kwamba udongo unaotoroka ni wake: ni ule wa kuotesha sukumawiki yake, na ndio unaoshikilia msingi wa nyumba yake.

Basi nawaomba. Mheshimiwa gavana na idara yako ya ardhi, lile sharti liingie kwenye vibali kabla ya masika haya. Waheshimiwa MCA, ulizeni katika wadi zenu ni ploti ngapi zimefunguliwa na ngapi zina kizuizi. Fundi, ukiitwa kazini, mwambie mwenye nyumba aanze na magunia, naye mwenye nyumba akusikilize. Na wewe jirani, ukisikia tingatinga limeingia mtaani, toka uende ukamuulize msimamizi kwa heshima: kizuizi kiko wapi? Akikosa jibu, toa ripoti kwa ofisi ya wadi siku hiyo hiyo, kabla mvua haijanyesha.

Hayo ndiyo maoni yangu.