Notisi ya Kuhama Nyumba: Haki ya Mpangaji na Haki ya Mwenye Nyumba

Mada kwa viongozi wa walei, Tarime na Serengeti



Tumeombwa tuzungumze juu ya notisi za kuhama nyumba. Huenda mtu akauliza kodi ya pango inaihusu nini Haki na Amani. Inaihusu sana. Miji yetu imejaa wapangaji: walimu na wauguzi walioletwa Mugumu kwa uhamisho, vijana waliofuata dhahabu Nyamongo, wafanyabiashara wa mpakani Sirari, wajane walioondoka katika mji wa ukoo. Na wenye nyumba ni watu wetu vilevile. Mara nyingi ni mama aliyejenga vyumba vinne kwa jasho lake, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo inayowasomesha watoto wake. Kwa hiyo hatukuja kumtetea mmoja na kumshutumu mwenzake.

Wazee wetu walizoea sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, iliyomkinga mpangaji asitolewe pasipo sababu zilizotajwa na sheria. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, ingawa wapo wanaoitaja hadi leo katika ugomvi wa barazani. Katika miji yetu sasa tunaongozwa na mkataba wenyewe, pamoja na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Mkataba wa mwaka mmoja au pungufu waweza kuwa wa mdomo na ukawa halali. Asikudanganye mtu kwamba bila karatasi huna haki yoyote.

Mkataba ukitaja muda wa notisi, muda huo ndio unaofuatwa. Usipotaja muda wa upangaji wala notisi, sheria huuhesabu kuwa upangaji wa vipindi, na kipindi hupimwa kwa kodi: inayolipwa kwa mwezi, kipindi ni mwezi. Upande wowote waweza kuuvunja kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja, nayo sharti iishie siku ambayo kodi hulipwa. Tulifafanue hili, maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Tuseme kodi hulipwa kila tarehe 5. Mwenye nyumba akitoa notisi tarehe 20 Juni, mwezi unatimia tarehe 20 Julai, lakini siku ya kodi inayofuata ni tarehe 5 Agosti. Hiyo ndiyo siku ya kukabidhi ufunguo. Angeitoa tarehe 3 Juni, ingeishia tarehe 5 Julai. Ile “miezi mitatu” inayosemwa kila mahali haimo katika kanuni hii. Ina nguvu pale tu ilipoandikwa au kukubaliwa katika mkataba.

Ugumu huja pale kodi inapotajwa kwa mwezi, kumbe inapokelewa ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi yetu. Je, kipindi ni mwezi au miezi sita? Kila mmoja atavutia kwake. Mstari mmoja wa maandishi siku ya kuingia ungemaliza shauri hilo. Tunashangaa kuona watu wanaoandikiana hati kwa ajili ya ng’ombe mmoja wakikabidhiana nyumba kwa maneno matupu.

Mpangaji naye anadaiwa notisi. Anayehama usiku na kuacha deni amemdhulumu mama yule tuliyemtaja.

Tuje kwenye jambo linalotuumiza zaidi. Wapo wanaotoa notisi kwa nyundo: wanang’oa mlango, wanaezua bati, au wanaongeza kufuli la pili wakati mpangaji yuko kazini na watoto wako shuleni. Sheria humtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa utulivu muda wote wa mkataba, na hata muda ukiisha, mpangaji akikataa kutoka, njia ni kupata amri ya chombo cha sheria. Sungusungu hawana mamlaka hayo, wala mwenyekiti wa mtaa hana. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mkopeshaji anakatazwa kuingia nyumbani mwa mdaiwa kujichukulia rehani. Anatakiwa asimame nje. Deni lake halikukanushwa, ila mlango uliheshimiwa.

Ugomvi ukizuka, Jumuiya zijaribu kupatanisha mapema, kabla maneno hayajawa makali. Ikishindikana, shauri lipelekwe Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Baraza hilo husuluhisha tu, halitoi hukumu katika mambo ya ardhi. Limepewa siku 30. Likishindwa, hutoa cheti, na kwa cheti hicho mlalamikaji huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo laweza kuamuru. Pasipo cheti, na kabla siku 30 hizo hazijapita bila usuluhishi, atarudishwa, naye atakuwa amepoteza nauli ya bure.

Kwa sababu hiyo, kiongozi anayeletewa mgogoro aulize kwanza vitu hivi: mkataba kama upo, stakabadhi za kodi au ujumbe wa malipo ya simu, na notisi yenyewe. Notisi iwe na tarehe, jina la anayepewa na siku ya kuhama, ikabidhiwe mbele ya shahidi, na nakala ibaki na pande zote mbili. Mume akiwa safarini machimboni, mke asiwekewe dole gumba kwenye karatasi asiyosomewa.