Mkopo Wangu Nilivyoupaka Ukutani



Nimeombwa nieleze mkopo wangu wa kwanza ulifanya nini. Jamani, nitasema kweli: niliupaka ukutani.

Ukuta wa bustani yangu ni wa matofali mabichi, na uko barabarani. Mvua za hapa Sumbawanga huanza Novemba hadi Aprili, na matone yanayoruka kutoka chini hula matofali ya chini kwanza. Niliona aibu, nikakopa, nikanunua saruji. Ulipendeza, nanyi mkanisifu! Msimu wa pili plasta ikabanduka vipande vipande, imeng'ang'ania udongo. Deni nililipa kwa maharage, huku ukuta ni mbaya kuliko mwanzo.

Sababu niliielewa baadaye. Saruji ni ngumu. Maji yakipenya kwenye ufa hayapati pa kutokea, na udongo nyuma yake unalainika.

Safari ya pili sikukopa. Nilichimba mfereji, nikapanga mawe chini, nikauvika ukuta kofia ya nyasi. Kisha nikakanyaga udongo wa kichuguu, mchanga, majani makavu yaliyokatwakatwa na samadi ya ng'ombe, nikauacha ulale siku kadhaa. Nilipaka mwezi Juni, asubuhi mapema jua lisije likaupasua, baada ya kuulowanisha ukuta. Mwisho nikapiga chokaa. Kila mwaka kabla ya mvua naziba palipochubuka.

Anayetaka kuuona aje Jumamosi. Lakini aje na ndoo, maana upande wa jirani bado.